Foleni ya Majembe

Godlisten na Neema, siku ile ya kuagana mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunagawa maji kabla ya lango la chuma na makufuli. Nilisema nitaandika wiki ileile. Mnanijua, nikasafiri kwanza. Nilikwenda Same, nikarudi, nikapanda mlimani kumsalimia dada yangu, nikashuka tena, nikaenda Sanya Juu. Sasa magoti yamenikalisha Moshi mjini, kwenye chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo naandika. Mtu aliyemaliza kidato cha nne kisha akaishi miaka yote kwenye matope haandiki kwa haraka. Mtanivumilia.

Habari za vyeo sitazigusa. Mgawa maji hana cheo cha kupanda. Asubuhi anapanda mfereji, jioni anashuka mfereji, na kupanda kwake kunaishia hapo.

Kazi niliianzia juu Kibosho, kwenye mfongo wa ukoo wa mama yangu. Ninyi mmezaliwa Kahe, mfongo mmeusikia tu. Ni mfereji wa zamani uliochimbwa kwa mkono ubavuni mwa mlima, unapita katikati ya migomba na kahawa za watu, mwembamba kiasi kwamba mbuzi anauruka. Aliyekuwa anausimamia ni Mzee Aminieli, Mlutheri asiyekunywa, mrefu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata kiangazi. Nilifika kwake asubuhi nikiwa na jembe jipya begani, nikitaka nionekane mtu wa kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula mtori nyumbani."

"Vizuri. Jembe weka hapo, leo hulihitaji." Akachukua gunzi la mahindi lililokauka, akalitupa kwenye maji. "Fuatana nalo mpaka shuleni. Likikimbia, kimbia. Likisimama, simama. Ukifika uniambie limekwambia nini."

Nilidhani ananidhihaki. Nikatembea na gunzi kama mwendawazimu, watoto wakinicheka. Mahali fulani, penye mteremko uleule, gunzi likapunguza mwendo. Nikarudi kumwambia. Mzee Aminieli akaja, akainama, akaingiza mkono chini ya ukingo, akatoa kizibo cha majani ya mgomba yaliyoviringishwa vizuri. Nyuma yake kulikuwa na tundu, na ng'ambo ya tundu kulikuwa na bustani ya mboga iliyonawiri kupita zote. Mwenye bustani, mama mmoja mnene, alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake.

"Hilo tundu la panya, mzee," alisema.

"Nimeona," Mzee Aminieli alijibu. "Panya wa kwako wanajua kuziba kwa majani ya mgomba. Tutawaingiza kwenye kamati."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba maji yanaibwa polepole, na kwamba mwizi wake haitwi mwizi. Faini yake ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, inanywewa na wote siku ya kutengeneza banio. Banio lenyewe, yaani pale tunapoukinga mto ili maji yaingie mfereji, lilikuwa la mawe, magogo ya migomba na udongo. Kila masika mto ulilichukua lote, na kila baada ya masika tulilijenga upya, wanaume wa mfongo mzima ndani ya maji ya baridi mpaka kiunoni. Mzee Aminieli hakuionja ile mbege, ila alihakikisha haipungui hata kata moja. Alisema faini ikipungua, mwaka ujao tundu litaongezeka.

Alipofariki sikukaa. Wengine walisema ni huzuni, lakini ukweli ni kwamba miguu yangu haijawahi kupenda mahali pamoja, na alipokuwa hai yeye ndiye alikuwa kamba yangu. Nilikwenda Sanya Juu, kwenye mfereji wa mashamba ya maharage. Huko niliona kitu kimoja tu cha kuwaambia. Ndugu wawili, tumbo moja, waligombea maji ya siku moja, na mgawa maji aliyekuwa mkubwa wangu, mtu mpole, akayagawa katikati ili asimuudhi mtu. Ardhi kavu inakunywa kwanza ndipo inapitisha. Nusu ya kwanza ilinywewa na mfereji wa kulia, nusu ya pili ikanywewa na mfereji wa kushoto, na mashamba yote mawili yakabaki makavu. Wale ndugu wakapatana siku hiyohiyo, wakapatana katika kumtukana mgawa maji. Maji machache hayagawanyiki. Ama yanafika yote kwa mtu mmoja, ama hayafiki kwa yeyote. Si jambo dogo kulijua hilo.

Kahe nilifika nikiwa si kijana tena. Joto lilinishangaza. Mlima niliouzoea chini ya miguu yangu sasa ulikuwa mbali juu, na theluji yake, na watu wakiutazama kama mtu anavyotazama sufuria ya jirani. Maji yalifika huku yakiwa yamechoka, yameshapita kwa kila mtu mwenye mgomba. Na mto haukuwa wetu peke yetu. Wiki moja ulikuwa wa mfereji wetu, wiki inayofuata wa mfereji wa wenzetu, na zamu ya wiki haikuwa na mjadala.

Siku yangu ya kwanza pale langoni nilikuta majembe yamelazwa ukingoni, mstari mrefu, makali yote yanatazama maji. Hapakuwa na watu, isipokuwa wawili watatu kivulini wanacheza bao. Nikafikiri watu wa huku ni wazembe wa vifaa. Nikainama nikaokota jembe moja niliegemeze vizuri kwenye nguzo.

"We mangi!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka kivulini. "Weka chini! Umeshika mtu!"

Aliyepiga kelele ni Ombeni. Wakati ule alikuwa bodaboda, anakuja mtoni kuosha pikipiki yake na kuchokoza watu. Alijua kutoka lafudhi yangu kwamba ni wa mlimani, na kuanzia siku ile akaniita mangi, kama machifu wa kwetu, nami ndiyo nikawa mangi kwa Kahe nzima, mpaka kwa padre.

Alinieleza yeye. Anayehitaji maji huja na jembe lake, analilaza nyuma ya jembe alilolikuta, kisha anaondoka zake. Jembe ndilo linalosubiri. Mwenyewe anaweza kwenda kukamua, kwenda hospitali, kwenda mnadani, hata kwenda Moshi na kulala huko. Jembe la mtu haliguswi, halisogezwi, halirukwi. Hata jembe la mtu mnayemchukia. Lango linapofunguliwa, mwenye jembe la mbele anapigiwa mluzi, akija analichukua na kufuata maji yake. "Mtu anachoka, anaona njaa, anagombana na mke wake," Ombeni alisema. "Jembe haligombani na mtu."

Mnaniuliza tulisubirije, siku zote zile. Nimesikia Godlisten akimwambia mgeni kwamba zamani watu walipoteza muda langoni. Ni kweli. Wakati wa kiangazi mtu aliweza kuweka jembe na kungoja mpaka mboga zikanyauka mbele ya macho yake. Lakini palikuwa na uhai pale. Wanawake walisukana. Mtu mmoja alileta kahawa na kashata, akafanya biashara nzuri kuliko wenye mashamba. Mzee Filipo, ambaye hakuyaamini majembe, alilala kando ya jembe lake na kofia usoni, na mtu akipita karibu anasema, "Niko macho," kisha anaendelea kukoroma. Posa mbili ninazozijua zilianzia kwenye ule mstari. Ninyi mna ratiba inayokuja kwenye simu, kila mtu anajua siku yake, hakuna anayemwona mwenzake. Sisemi ni vibaya. Nitafika huko.

Palikuwa na wakati mmoja tu ambao mtu angeweza kuchukua jembe la mwingine bila kuuliza. Mtu wa mfereji wetu akifa, wachimba kaburi walichukua majembe yaleyale ya ukingoni. Walisema kaburi halina foleni. Siku ya maziko hakuna aliyelima na lango lilifungwa mpaka watu wanawe mikono. Baada ya hapo majembe yanaoshwa na kurudishwa ukingoni. Kwa kawaida misiba iliangukia wakati kuna majembe mawili matatu tu, na kila mtu alikumbuka. Hakuna aliyewahi kufikiri ingekuwaje kama mstari ungekuwa mrefu.

Ulikuwa mrefu mwaka ule wa ukame. Mahindi yote ya Kahe yalikuwa yametoa mbelewele, wakati ule ambao mhindi ukikosa maji unabaki mti tu, hauwi chakula. Wawili kati ya waliokuwa foleni nitawaeleza, maana mambo yote yalikuwa juu yao.

Wa kwanza ni Mama Anyesi. Alikuwa mjane, mwenye binti mmoja, Anyesi, aliyekuwa shule ya msingi. Shamba alilolima, kule mkiani mwa mfereji, lilikuwa la marehemu mumewe, lakini shemeji yake alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba shamba lisilozaa atampa mwenye nguvu. Mwaka uliotangulia halikuzaa. Kwa hiyo mavuno yale hayakuwa madebe ya mahindi tu. Yakikosekana, yeye na mtoto wanarudi kwa wazazi wake mlimani, na mjane aliyerudi kwao hapewi tena shamba na mtu.

Wa pili ni Ombeni. Alikuwa amechoka bodaboda, akauza pikipiki, akakodi shamba jirani kabisa na la Mama Anyesi. Yalikuwa mahindi yake ya kwanza. Alikuwa akiyatembelea asubuhi na jioni kama mtu aliyeoa juzi.

Siku za mwisho za wiki yetu ya maji sikuwepo langoni. Banio lilikuwa limebomoka upande mmoja na nilikuwa mtoni na vijana, tunajaza viroba vya mchanga. Lango aliliangalia mwenyekiti wetu wa mfereji. Ndipo mama yake mzazi akafariki. Tukamzika siku ambayo ilikuwa ya mwisho ya zamu yetu. Kesho yake alfajiri mto ungekuwa wa wenzetu, kwa wiki nzima.

Maziko yaliisha mapema, kwa sababu padre alikuwa na maziko mengine Moshi mchana. Nikapiga hesabu: kuanzia pale mpaka jua kuzama, maana usiku lango halikufunguliwa, maji yangetosha shamba moja la mkiani. Moja, siyo moja na robo. Nikaenda langoni na ufunguo wa mbao wa kuinulia ubao.

Nilipofika niliwakuta wanaume wameshatangulia. Walitoka makaburini na majembe yote ya foleni, wakayaosha, na kila mmoja akabeba la kwake na kulilaza ukingoni kadiri alivyofika. Jembe la Ombeni lilikuwa mbele kabisa. Alikuwa kijana, miguu yake ilikuwa myepesi. Jembe la Mama Anyesi lililetwa na mtu mwingine na kutupwa mkiani. Yeye mwenyewe alikuwa bado jikoni kwa wafiwa, kwa sababu wanawake hupika mpaka mgeni wa mwisho ale.

Mtu alimpelekea habari. Alikuja mbio, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina masizi mpaka kwenye kiwiko. Akaangalia mstari, akaangalia jembe lake.

"Nani ameniweka huku?"

Wanaume wakatazama maji.

"Nauliza. Jembe langu lilikuwa la mbele. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Nani ameniweka huku?"

"Mama, jembe lako limechelewa," Ombeni alisema, akijaribu kucheka. "Mimi sijachelewa."

"Limechelewa! Mimi nilikuwa nachochea moto wenu! Mmekula ubwabwa wangu mkashiba, sasa mnataka kushushia na maji yangu?"

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Kila mmoja alikuwa wa pili au wa tatu. Hakuna aliyekuwa wa mwisho, kama kawaida ya foleni iliyovurugika. Mzee Filipo alidai yeye alikuwepo pale kabla mfereji haujachimbwa. Mwenyekiti pengine alijua, maana yeye ndiye aliyekuwa langoni, lakini nani angeenda kumuuliza mtu habari za majembe na udongo wa kaburi la mama yake bado mbichi? Hilo hata kulitaja hakuna aliyelitaja.

Nikakumbuka jambo alilolifanya Mzee Aminieli mlimani mara moja, mvua ilipochukua alama za zamu. Hakumuuliza mtu alikuwa wa ngapi. Alisema mtu ukimuuliza nafasi yake atakudanganya hata bila kukusudia, kwa sababu kila mtu moyoni ni wa kwanza. Muulize kitu alichokiona. Na asiongee kwa niaba ya mwingine, maana hapo ndipo ukoo unapoingia.

Nikawaambia wanyamaze. Nikasema, "Kila mtu atanijibu swali moja tu. Ulipokuja kuweka jembe lako, ulikuta jembe la nani?"

Nikaanzia wanaume wenye majembe ya nyuma. Yakaanza kushikana kama mnyororo. Huyu alikuta la yule, yule alikuta la jirani yake, jirani alikuta la Mzee Filipo. Walijibu upesi, tena kwa furaha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kupoteza. Maji yale ya mchana hayangewafikia kwa vyovyote. Mzee Filipo akasema alikuta jembe la Ombeni, na kwamba lilikuwa chafu.

Nikamgeukia Mama Anyesi. "Mimi nilikuta ukingo mtupu," alisema.

Akabaki Ombeni. Akisema naye alikuta ukingo mtupu, hapakuwa na mtu mwingine wa kumpinga, maana kila mtu huangalia jembe lililo mbele ya lake tu, na jembe lake lilikuwa tayari mbele. Kila aliyekuwepo alilielewa hilo. Hata wale wa bao walisimama.

"Ombeni. Ulikuta jembe la nani?"

Akakwangua tope kwenye kiatu chake.

"Ukiniuliza kesho nitakumbuka vizuri zaidi," alisema. Watu wakacheka.

"Kesho maji ni ya wenzetu."

"Ndiyo maana."

Hawakucheka tena. Mama Anyesi alikuwa amegeuka, anatazama upande wa mashamba, akimpa mgongo. Nilidhani ana hasira. Baadaye nikaelewa kwamba hakutaka macho yake yamlazimishe. Ombeni aliutazama ule mgongo, akatazama mahindi yake, maana pale langoni yanaonekana, yalikuwa marefu na yamesimama vizuri.

"Nilikuta jembe," alisema. "Mpini wake umepasuka, umefungwa waya. Hilo hapo. La mama huyu." Kisha akapandisha sauti. "Haya, mnanitazama nini? Nimeota pembe? Fungua maji, mangi, jua linashuka!"

Nikainua ubao. Mama Anyesi alichukua jembe lake, akapita karibu na Ombeni, akasimama kama anayetaka kusema neno. Ombeni akamwambia, "Nenda mama, maji hayakungoji." Akaenda mbio na maji yake. Watu wakampiga Ombeni mabegani, wakamwita mwanaume, wakamwita Mkristo. Akajibu, "Sawa, sasa mimi ni mtakatifu. Nitakula nini?" Tukacheka sana. Mpaka leo naona aibu kwa kile kicheko, kwa sababu lilikuwa swali, na sote tulilichukua kuwa utani.

Wiki ile jua lilikuwa kali kuliko nililowahi kuliona Kahe. Maji yaliporudi kwetu, jembe la kwanza lilikuwa la Ombeni, na hakuna aliyebisha. Lakini mbelewele za mahindi yake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe kama nywele za mzee. Alimwagilia hivyohivyo. Nilimwona akielekeza maji kwenye kila tuta kwa uangalifu, kama mtu anayempa uji mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Baada ya hapo alikata yote, akayauza kwa watu wa mlimani kwa ajili ya ng'ombe wao wa ndani. Mahindi ya Ombeni yalipanda Kibosho kwenye pikapu bila gunzi hata moja.

Mama Anyesi alivuna. Shemeji yake alikuja, akaona magunia yamepangwa, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Suala la shamba halikuzungumzwa tena.

Na sisi? Tulikuwa na desturi kwa kila jambo. Mfiwa alikuwa na desturi yake, mzazi yake, mgonjwa yake, hata mwizi wa maji yake, niliyoieleza. Kwa mtu aliyesema ukweli ukamharibia, hatukuwa na kitu. Nililipeleka kwenye kikao cha mfereji: Ombeni apewe nafasi ya mbele msimu unaofuata, na tumsaidie kulima. Wote walikubali ni wazo zuri. Likawekwa kwenye mengineyo, na mengineyo ninyi mnayajua, hufika watu wameshasimama. Kikao kilichofuata kiliahirishwa. Cha tatu tukapitisha, tukateua wa kwenda kumwambia, na aliyeteuliwa akakuta nyumba imefungwa. Majirani walisema amehamia upande wa Sanya Juu kwa mjomba wake. Mama Anyesi alikuwa amemwandalia gunia. Aliliweka mpaka likaingia dumuzi.

Miaka ilipita. Mfereji ukajengewa saruji, likaja lango la chuma lenye usukani, kisha makufuli, kisha mkaja ninyi wawili na simu zenu. Majembe yakarudi majumbani. Nilikaa nanyi misimu michache, nikijifanya nahitajika, na magoti yakanisaidia kusema ukweli. Niliondoka nikiwa na uchungu. Nitawaambia wazi: nilikuwa naona mmeua kitu. Nilikuwa nikimsimulia kila mtu habari za ule mstari, kwenye gari, kwenye mgahawa, kwa watu wasionijua. Nilikuwa na hamu ya kumpata mtu mmoja aliyekuwepo, tukae tuulilie pamoja.

Ndiyo sababu nilikwenda Sanya Juu. Ilikuwa siku ya soko. Niliulizauliza, nikamkuta Ombeni amekaa nyuma ya magunia ya maharage, ameota mvi, ana miwani.

"Mangi!" alisema. "Umezeeka vibaya."

"Wewe umezeeka vizuri?"

"Mimi nakaa kivulini. Vuta hilo debe ukae."

Nikavuta, nikakaa. Akauliza habari za watu. Mzee Filipo nikamwambia amefariki. Akauliza, kama mtu asiyejali sana, "Na yule mama? Shemeji yake alimwachia?"

"Alimwachia. Bado analima palepale. Anyesi ana watoto sasa."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, akaokota maharage mabovu mawili akayatupa.

Nikasema lile nililokuwa nimelibeba muda wote. "Ombeni, tulikukosea."

"Mlinikosea nini? Maji yalikuwa yake."

"Tungekuja. Tungefanya kitu."

"Acha, mangi. Usinianzishie." Hakuwa na hasira. Akauliza, "Siku hizi lango anashika nani?"

Nikamweleza habari zenu. Nikamweleza usukani, makufuli, ujumbe kwenye simu, kila shamba na siku yake iliyopangwa tangu mwanzo wa msimu. Nikaeleza kwa sauti ya malalamiko, nikingoja alalamike pamoja nami.

"Na mtu akifa?"

"Ratiba inasogezwa. Neema anatuma ujumbe mwingine."

"Kwa hiyo haulizwi mtu."

"Haulizwi."

"Hakuna kusimama mbele ya watu ukaulizwa."

"Hakuna."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu.

"Hiyo ni nzuri," alisema. "Ingekuwepo wakati ule, ningekuwa bado Kahe."

Miaka yote nilijivunia lile swali. Nimewasimulia hata ninyi kama mfano wa hekima ya wazee, jinsi swali moja lilivyorudisha mstari mzima. Sikuwahi hata mara moja kulitazama kutoka mahali aliposimama mtu wa mwisho kuulizwa, ambaye wenzake wote walikuwa wamejibu bure. Ningeanza na yeye, ingekuwaje? Sijui. Nimelifikiria tangu siku ile, na bado sijui.

Kwa hiyo Godlisten, nikikusikia tena unasema zamani watu walipoteza muda langoni, sitakubishia. Na wewe Neema, ratiba ikikwama ukalazimika kuwauliza watu ana kwa ana, angalia kwanza ni jibu la nani litakalomnyima kitu mwenyewe.

Pale sokoni Ombeni aliivaa tena miwani, akarudi kuchambua maharage. Nami nilikuwa bado nimekaa kwenye debe lake niliposikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa mama mmoja na kikapu.

"Kaka," aliniambia, "kama hununui, tupishe."

Nikasimama, nikampisha.